Filme za Hiroshima na jiwe lililotoka kwetu

LIKASI – Mmezoea kunisoma nikiandika juu ya barabara, maji na bei ya unga. Leo naomba ruhusa niandike juu ya filme.

Vijana wa hapa wanapenda sana filme za Asia: za Korea zenye mapenzi na machozi, za China zenye watu wanaoruka juu ya mapaa. Mimi pia nilianzia hapo. Lakini miezi michache iliyopita, kijana mmoja wa mtaani anayewawekea watu filme kwenye simu alinipa moja ya Japani, ya mwaka 1989, isiyo na rangi, yenye maandishi ya Kifaransa chini. Inaitwa Kuroi Ame, maana yake Mvua Nyeusi. Aliyeitengeneza ni Imamura Shohei, kutoka katika kitabu cha mwandishi Ibuse Masuji. Nilifikiri nitasinzia kabla ya nusu saa. Sikusinzia, na hata baada ya kuzima mashine usingizi haukuja.

Tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo ya asubuhi, bomu linaanguka juu ya mji wa Hiroshima. Yasuko, binti wa miaka ishirini, hayumo mjini. Yuko mbali, ndani ya mashua pamoja na watu wengine, wakati mvua inaanza kunyesha. Matone yake ni meusi kama oili chafu ya gari. Yanamwangukia usoni na mikononi, naye anajifuta tu. Nilitaka kumpigia kelele ajifiche, kama watoto wanavyofanya wanapoangalia filme.

Kisha miaka mitano inapita. Yasuko anaishi kijijini kwa mjomba wake, na ameshafika wakati wa kuolewa. Kila mara mchumba akitokea, jamaa yake wanauliza: huyu binti alikuwa wapi siku ile? Mjomba anatafuta barua ya daktari. Anakaa usiku na kunakili daftari ambamo Yasuko aliandika habari za kila siku, ili kuonyesha kwamba bomu halikumkuta mjini. Lakini shida ni ile mvua. Wachumba wanakuja, wanakwenda. Hakuna anayepiga kelele katika filme hii. Watu wanakunywa chai, wanafuga samaki, wanazika jirani mmoja baada ya mwingine. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko moto wote wa mwanzoni.

Nilibeba kompyuta hadi kwa mzee mmoja jirani yangu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Shinkolobwe wakati wa vita. Tulipofika penye mashua akaniuliza:

– Mwanangu, mvua gani hiyo?

– Ni ya bomu la Hiroshima, papa.

– Lile la jiwe letu?

– Ndiyo, papa.

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema: – Rudisha nyuma. Pale penye mvua.

Kwa wale wasiojua, Shinkolobwe iko karibu kilometa 20 kutoka hapa Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Jiwe lake lilijulikana tangu 1915. Mwanzoni kampuni ya Union Minière ilitafuta radium ndani yake, dawa ya bei kali huko Ulaya. Urani yenyewe haikuwa na soko kubwa. Ilitumiwa zaidi kupaka rangi vyombo vya udongo na vioo. Mwaka 1937 mgodi ulifungwa na maji yakaingia. Kisha vita vikaja. Mkubwa wa kampuni, Edgar Sengier, alikuwa amehamia New York, na mwaka 1940 aliagiza mawe yapelekwe huko. Zaidi ya tani 1.000, ndani ya mapipa ya chuma, zilikaa katika ghala moja la Staten Island karibu miaka miwili. Mwezi wa Septemba 1942 afisa wa jeshi la Amerika aitwaye Kenneth Nichols alimwendea Sengier ofisini, na siku hiyohiyo wakapatana juu ya kuyanunua. Mawe yetu mengine yalikuwa na urani hadi 65 kwa mia. Kwingine mawe yasiyofika hata 1 kwa mia yalihesabiwa kuwa mazuri. Wamarekani wakasaidia kutoa maji mgodini, kazi ikaanza tena, na wachimbaji hawakuambiwa ni kazi ya nini. Sehemu kubwa ya urani ya mpango ule wa siri ilitoka Kongo. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani na serikali ya Amerika.

Ndiyo sababu, nikiangalia filme hizi, masikio yangu yanangojea neno moja. Baada ya Mvua Nyeusi nilitafuta Hadashi no Gen, filme ya katuni ya 1983 (katuni ndiyo, lakini msiwaonyeshe watoto wadogo!). Nakazawa Keiji, aliyechora hadithi hiyo, alikuwa na miaka sita siku ya bomu. Baba yake, dada yake na mdogo wake walikufa ndani ya nyumba yao. Nimeona pia vipande vya Yumechiyo Nikki, mfululizo wa televisheni ya NHK wa 1981, juu ya mwanamke aliyepata ugonjwa wa damu kwa sababu bomu lilimkuta tumboni mwa mama yake. Kote nilingojea mtu ataje Kongo. Sikusikia. Siwalaumu, maana mtu anayeungua haulizi kuni zimekatwa msitu gani. Ninachouliza ni kwa nini sisi wenyewe hatujatengeneza filme yetu.

Hiroshima watu karibu 140.000 walikuwa wamekufa kufikia mwisho wa 1945. Waliobaki walipigania haki yao kwa miaka mingi. Mwaka 1957 serikali ya Japani ilianza kuwapa vitabu vya matibabu. Wale waliolowa mvua nyeusi nje ya eneo lililokubaliwa na serikali walikataliwa, mpaka watu 84 wakaenda mahakamani. Walishinda mwaka 2020, wakashinda tena katika rufaa mwaka 2021, na serikali ikakubali. Ilikuwa miaka 76 baada ya mvua ile.

Hapa kwetu Shinkolobwe ilifungwa kwa amri ya rais mwezi wa kwanza 2004. Mwezi wa saba mwaka uleule udongo uliangukia wachimbaji waliokuwa wameendelea kushuka, na wengine wakafa.

Mzee jirani yangu anakumbuka baba yake akirudi kazini na vumbi kwenye nyusi. Alikufa mwaka 1958 kwa kikohozi. Hakuna aliyempima, na kilichobaki ni picha moja. Filme ilipokwisha mzee aliniuliza kama Yasuko anapona. Nilimwambia nywele zake zinadondoka, gari la wagonjwa linamchukua, na mjomba anabaki akitazama mlima, akingojea upinde wa mvua.

– Haukutokea?

– Filme inaishia pale, papa.

Jumapili tumepanga kuitazama tena pamoja na wajukuu wake, kama umeme utakuwepo.