Gari Dogo Lililopinduka

Mwezi Oktoba 1997, huko Sweden, jarida la magari la Teknikens Värld lilijaribu gari jipya dogo la Mercedes-Benz, A-Class. Dereva alikata usukani ghafla upande mmoja, kisha akaurudisha upande wa pili, kama mtu anayemkwepa mnyama mkubwa aliyetokea msituni. Gari likapinduka.

Kila nikilifikiri tukio hilo, linalonishangaza si kupinduka kwenyewe. Nashangaa kwamba dawa yake ilikwisha kupatikana. Tangu 1995 kampuni hiyo hiyo, ikishirikiana na Bosch, ilikuwa na mtambo wa kuzuia gari lisiserereke. Lakini mtambo huo ulianzia katika S 600, gari la matajiri. Gari dogo halikufungiwa.

Ndugu msomaji, mtambo wenyewe si uchawi. Breki zisizogandisha magurudumu zilikuwapo tangu 1978. Wahandisi wa Bosch, wakiongozwa na Anton van Zanten, waliongeza vifaa vya kupima mambo mawili: usukani umeelekezwa wapi, na gari lenyewe linageukia wapi. Kompyuta hulinganisha. Ikiona dereva ataka kulia na mkia wa gari unakimbilia kwingine, hukamata breki ya gurudumu moja tu, na hupunguza nguvu ya injini, mpaka gari lirudi katika njia yake. Hakuna mguu wa binadamu uwezao kukanyaga breki ya gurudumu moja kati ya manne.

Baada ya aibu ile kampuni ilisimamisha mauzo kwa miezi kama mitatu, ikarekebisha gari, na kila A-Class ikafungiwa mtambo. Lisilobudi hutendwa. Kufikia 1999 magari yake yote madogo ya abiria yalikuwa nao. Baadaye serikali nazo zikatunga sheria: Marekani kwa magari mapya ya toleo la 2012, na Jumuiya ya Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014.

Basi najiuliza: ingekuwaje kama gari lile lisingepinduka mbele ya waandishi? Pengine mtambo ungeshuka polepole, ngazi kwa ngazi, kutoka kwa mwenye nacho hadi kwa asiye nacho, na wengi wangekufa wakiusubiri. Roho haina bei ya juu na ya chini kama magari.

Nasi tununuao magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo, tumo katika ngazi hiyo hiyo. Wengi huuliza redio, rangi na kilomita. Mimi hutazama kwanza taa ndogo ya dashibodi yenye picha ya gari na mikwaruzo nyuma yake. Iwake ufunguo unapozungushwa, kisha izimike. Na nikiisha kuiona huenda kutazama tairi, kwa kuwa mtambo huo hauwezi kulishikilia gari lenye tairi kipara.