Miraa: Zao halali Meru, magendo ughaibuni

MIRAA hustawi katika nyanda za Nyambene, Kaunti ya Meru, hususan Igembe na Tigania. Aina yake iitwayo muguka hukuzwa Mbeere, Kaunti ya Embu. Nchini Kenya zao hili ni halali, na tangu 2016 linatambuliwa na sheria kuwa zao la biashara. Likifika Marekani au Uingereza, anayelisafirisha huhesabiwa mlanguzi wa dawa za kulevya.

Chanzo ni kathinoni, kemikali iliyomo katika majani mabichi, ambayo iliwekwa chini ya udhibiti wa kimataifa mwaka 1986. Nguvu yake hufifia takriban saa 48 baada ya mavuno. Ndiyo sababu miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kukimbizwa hadi viwanja vya ndege vya Nairobi.

Mitandao ya magendo ilizaliwa na tofauti za sheria. Sweden na Norway zilipiga miraa marufuku mwaka 1989, ilhali Uingereza na Uholanzi ziliendelea kuiruhusu. Shehena iliyotua London au Amsterdam kihalali ilivushwa kisiri, kwa magari hadi Skandinavia, na kwa vifurushi na mizigo ya abiria hadi Marekani. Mnamo Julai 2006, baada ya uchunguzi wa miezi 18, Marekani iliwafungulia mashtaka watu 44 waliodaiwa kuingiza zaidi ya tani 25.

Uholanzi ilipiga marufuku miraa Januari 2013, nayo Uingereza ikafuata Juni 24, 2014. Hata hivyo, baraza la wataalamu linaloishauri serikali ya Uingereza kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza kinyume, likisema halikupata ushahidi wa kuhusisha moja kwa moja utafunaji wa miraa na uhalifu wa kupangwa.

Marufuku hayo hayakumaliza magendo. Majani yaliyokaushwa, ambayo hayahitaji haraka, yalianza kutumwa kwa posta yakiandikwa kuwa chai au hina.

Mkulima wa Maua, ambaye kazi yake huishia kwa dalali, ndiye aliyepoteza soko. Alitegemea zaidi Somalia, nayo ikafunga milango kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022. Mlanguzi, kwa upande wake, hufaidika kila mpaka unapofungwa, kwa kuwa ugumu wa kuuvuka ndio unaopandisha bei yake.