Waliofundisha Bure, na Walioondoka Bila Kuaga



Wapendwa wanafamilia ya Mungu, juma lililopita tulikitembelea kimojawapo cha vigango vyetu vya mbali, tukiwa tumebeba habari tuliyoiona kuwa njema. Vijana wa parokia wamejitolea kwenda huko kila Jumamosi kuwafundisha watoto wadogo lugha ya Kiingereza, bila malipo yoyote. Tulipoitangaza baada ya Misa, akina mama walipiga vigelegele. Ndipo mzee mmoja aliposimama, akavua kofia, akasema kwa upole: “Baba Paroko, tunashukuru. Ila walikuja wengine kabla ya hawa. Walifundisha Jumamosi nne, ya tano hawakuonekana. Watoto walikaa chini ya mwembe mpaka jua likawa utosini. Hawa wenu wataondoka lini?”

Hatukuwa na jibu. Tulimwahidi mzee wetu kwamba tutalitafakari swali lake, na leo tunapenda kulitafakari pamoja nanyi kwa msaada wa historia, kwani suala la kufundisha watoto lugha ya wageni halikuanza na vijana wetu. Kanisa katika Afrika Mashariki limelibeba kwa zaidi ya karne moja na nusu, likiwa na mema ya kujivunia na makosa ya kuungama.

Tuanzie Bagamoyo, mwaka 1868, Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao huko wakitokea Zanzibar. Watoto wao wa kwanza walikuwa wale waliokombolewa kutoka utumwani, waliokusanywa kutoka makabila mengi, ambao wengi wao hawakuwa na mzazi wala lugha moja. Wamisionari wale walikuwa na lugha yao, Kifaransa, lakini upesi walitambua kwamba anayetaka kufundisha hana budi aketi kwanza kama mwanafunzi. Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, aliisikiliza lugha ya watu wa pwani kwa miaka mingi, na matunda ya usikivu huo ni kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa iliyochapwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941. Mtu aliyekuja kufundisha aliishia kuwa mwanafunzi mkubwa kuliko wanafunzi wake. Hilo ni somo letu la kwanza.

Kiingereza kilikuja katika misheni zetu kwa njia nyingine. Nchini Uganda, baada ya mapigano ya mwaka 1892 kati ya makundi yaliyojiita ya kidini, Ukatoliki ulionekana kuwa ni dini ya Wafaransa na Uprotestanti dini ya Waingereza. Ili kuondoa dhana hiyo, Roma iliwaita Wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza, nao wakafika mwaka 1895 wakiongozwa na Askofu Henry Hanlon. Mwaka 1902 walifungua shule ya Namilyango, na mwaka uliofuata wakafika Nsambya masista Wafransisko, miongoni mwao mwanamke wa Ireland ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Mama Kevin. Kiingereza kilikuwa lugha ya serikali, na machifu walitaka watoto wao wakijue. Hatuna haja ya kujificha: lugha hii iliingia ikiwa imefungamana na utawala wa kigeni.

Lakini tazameni alichokifanya Mama Kevin. Hakuridhika kuwa na shule na zahanati zinazoendeshwa na wageni peke yao. Mwaka 1923 alianzisha shirika la masista wa Kiafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao waliendelea na kazi hata baada ya yeye kuitwa na Bwana mwaka 1957. Aliondoka, kama kila mwanadamu anavyoondoka, lakini hakuacha kiti kitupu. Hilo ni somo la pili.

Huku kwetu Tanganyika, mwaka 1928, Askofu Arthur Hinsley, mjumbe wa Baba Mtakatifu ambaye baadaye alikuja kuwa Kardinali wa Westminster, alikutana na viongozi wa misheni Dar es Salaam. Aliwahimiza washirikiane na serikali katika elimu, na akafika mbali hata kusema kwamba pale wasipoweza kujenga kanisa na shule kwa pamoja, shule itangulie. Wengi tumezoea kuwashukuru mapadre na masista kwa shule zile. Tunawasahau makatekista. Kwa miaka mingi ni wao waliowashika watoto mikono, wakachora herufi juu ya mchanga, wakafundisha sala na kusoma kwa malipo madogo sana, na mara nyingi bila malipo. Kiingereza kilifundishwa baadaye, kwa wachache waliobahatika kupanda madarasa ya juu. Hapo ndipo lilipozaliwa jeraha ambalo bado tunalo: lugha ikawa ngazi, na aliyepanda akaanza kumdharau aliyebaki chini.

Jeraha hilo lilionekana wazi katika shule za kikoloni nchini Kenya, kama alivyosimulia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong’o mwaka 1986. Mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama yake shuleni alichapwa viboko, au alivishwa kibao shingoni cha kumtangaza kuwa ni mjinga. Fikirini, ndugu zangu: maneno yaleyale aliyofundishwa na mama yake kusalia ndiyo yaliyomletea aibu. Na tusidhani kwamba tabia hiyo ilizikwa pamoja na ukoloni. Kila tunapomcheka mtoto aliyekosea neno la Kiingereza, tunamvisha kibao kisichoonekana.

Hata hivyo, historia yetu inaye pia mtu aliyeonyesha njia nyingine. Mtumishi wa Mungu Julius Kambarage Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kiingereza alikipata shuleni, kama lugha ya kigeni. Alipomaliza Makerere mwaka 1945, alikwenda kufundisha katika shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Maria, Tabora. Na huko, mbali na kazi yake ya darasani, alitenga muda wa kuwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini, bila malipo. Hakuwa tajiri. Alikuwa mwalimu kijana aliyeona kwamba alichopewa hakikuwa chake peke yake.

Mtu huyohuyo, akiwa tayari kiongozi wa nchi, aliichukua tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapwa mwaka 1963. Mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Na katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 alikemea elimu inayomfanya mtoto ajione amehama kijiji chake hata kabla hajakiacha. Kwake yeye Kiingereza kilikuwa daraja, na daraja hupitwa kwenda na kurudi.

Miaka ile ya uhuru ndiyo pia iliyoleta mtindo wa kujitolea tunaoufahamu leo. Mwaka 1958 lilianzishwa huko Uingereza shirika la Voluntary Service Overseas. Mwaka 1961 Rais John Kennedy wa Marekani alianzisha Peace Corps. Vijana wengi walikuja Afrika, wakafundisha kwa moyo, na wapo wazee miongoni mwetu wanaowakumbuka kwa mapenzi. Lakini Kanisa lilipata pia sauti ya kuonya. Mwezi Aprili 1968, Padre Ivan Illich, aliyekuwa akiishi Mexico, aliwaambia wanafunzi wa Marekani waliojiandaa kwenda vijijini huko kwamba nia njema haitoshi. Aliwasihi waje kutazama, waje kujifunza, wapande milima na kufurahia maua, lakini wasije wakijiita wasaidizi. Maneno yake yalikuwa makali, na hatulazimiki kuyakubali yote. Lakini aliuliza lilelile aliloliuliza mzee wetu chini ya mwembe: ninyi mnaokuja, je, mmekuja kwa ajili yetu au kwa ajili yenu?

Vijana wetu watasema kwamba wao si wageni. Ni kweli, lakini si kweli yote. Anayeshuka kwenye pikipiki akitokea mjini, mwenye viatu vizuri na lugha ya wenye vyeo mdomoni, ni mgeni kwa mtoto wa kigangoni, hata kama babu zao walichunga ng’ombe pamoja.

Basi tufanye nini? Tuwazuie? La hasha. Watoto wale watakutana na Kiingereza watakapofika sekondari, ambako masomo mengi hufundishwa kwa lugha hiyo, na wengi huanguka kwa sababu walikutana nacho wakiwa wamechelewa na wakiwa na hofu. Kumzoesha mtoto mdogo sauti za lugha hiyo kwa nyimbo, kwa michezo, kwa kugusa kikombe na kukitaja jina, ni tendo la huruma. Ila tunawaomba vijana wetu wapokee masharti haya, ambayo tumeyaafiki pamoja na halmashauri ya walei na wazazi wa kigango.

Kwanza, wataahidi muhula mzima, na tarehe ya kumaliza itatangazwa siku ya kuanza. Atakayepata dharura atatuma wa kushika nafasi yake. Pili, kabla ya kufundisha watakwenda kumsalimu katekista na mwalimu wa shule ya msingi ya pale, wajue watoto wamefikia wapi. Tatu, watafundisha wawili wawili, mahali pa wazi, kwa ridhaa ya wazazi, kwani usalama wa mtoto hauna mjadala. Nne, hakuna mtoto atakayechekwa au kuadhibiwa kwa kusema Kiswahili wala kwa kusema lugha ya nyumbani kwao. Tano, kila Jumamosi binti mmoja wa kigango, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye wazazi wenyewe wamemchagua, atafundisha pamoja nao, ili siku watakapoondoka yeye abaki.

Wapendwa, siku ya Pentekoste Roho Mtakatifu hakuwalazimisha watu wote waseme lugha moja. Kila mmoja aliyasikia matendo makuu ya Mungu katika lugha aliyozaliwa nayo. Mungu ndiye aliyejisumbua kuzijua lugha zetu. Anayekwenda kumfundisha mtoto lugha mpya amwige Mungu huyo kwanza.

Jumapili ijayo tutarudi kigangoni kumpa mzee wetu jibu. Tutamwambia: “Ndiyo, Mzee, wataondoka. Wataondoka mwisho wa muhula, siku tutakayoitaja leo mbele yako. Watakuaga wewe na watoto, na hawataacha kiti kitupu.” Mtuombee, na mwaombee vijana hawa, ili ahadi hiyo isiwe deni lingine chini ya mwembe uleule.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.