Kutoka Pindo la Nguo hadi Mashine ya Kopi

Sheria ya kulinda michoro ya bidhaa ilianzia kwenye nguo. Mwaka 1787 Bunge la Uingereza liliwapa wachapaji wa vitambaa miezi miwili ya kufaidi mchoro mpya kabla washindani hawajauiga. Miezi miwili! Karne moja baadaye, mfanyabiashara Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyejulikana kama Abdulla, hakungoja bunge: kanga zake zilitoka na alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, na mnunuzi hakuhitaji kuuliza ni za nani.

Kenya ilizipokea sheria za kulinda ubunifu vipande vipande. Hakimiliki ilikuja na sheria ya Kiingereza ya 1911. Taifa huru likatunga yake mwaka 1966. Michoro ikasahaulika. Hadi sheria ya mali ya viwanda ya 1989, mchoro ulilindwa Kenya ukiwa umesajiliwa kwanza Uingereza, ingawa kiwanda cha Rivatex kilikuwa kikifuma na kuchapa vitambaa Eldoret tangu miaka ya 1970. Leo ulinzi wa mchoro ni miaka mitano, unaohuishwa hadi 15.

Kesses, nje ya Eldoret, imebeba pande zote mbili, michoro na hakimiliki. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa huko mwaka 1984, kilinunua Rivatex mwaka 2007. Mwenye maktaba akawa mwenye kiwanda. Lakini hakimiliki inapimwa zaidi kwenye vibanda vya kutoa kopi. Mwanafunzi huleta kitabu kimoja, darasa zima huondoka na nakala zilizofungwa kwa waya wa plastiki. Sheria ya hakimiliki ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa utafiti na matumizi binafsi, na Kopiken, chama cha haki za kunakili, hutoa leseni za kunakili. Kitabu kizima kwa darasa zima? Sidhani kama kuna hakimu atakayekubali, ingawa bei ya kitabu hicho nayo ni kesi. Marekebisho ya sheria hiyo ya 2019 yaliweka utaratibu wa kuwataka watoa huduma za intaneti waondoe kazi zilizoibwa. Kundi la WhatsApp la darasa linaendelea kupokea PDF.

Kwa nguo, jambo ni gumu zaidi. Kampuni ya Uingereza ilipotaka kusajili jina Kikoy kuwa chapa yake miaka ya 2000, pingamizi lilibidi lipelekwe hukohuko. Kikoi hakina mwandishi wala tarehe ya kwanza. Sheria ya Kenya ya 2016 sasa inalinda maarifa na sanaa za jadi, na mkataba wa michoro uliopitishwa Riyadh Novemba 2024 unaruhusu nchi kumtaka mwombaji aeleze urithi wa jadi aliouchota. Unaruhusu tu, haulazimishi.