Limit Poka: Msee Ameweka Soo Kwa River, Ulipe Ama Utupe?

Kama poka umeijua kwa muvi, pale jamaa anasukuma doh yote katikati ya meza, limit itakushangaza. Hapa dau limefungwa. Kwa meza ya 50/100, raundi mbili za kwanza ni finje, mbili za mwisho ni soo. Huwezi kutoa mtu jasho na rundo la doh. So ikifika river, ile karata ya tano na ya mwisho mezani, wacha kujiuliza "ako na nini?" Jiulize anaweza kuwa na nini zote, na wewe unapiga ngapi.

Cheki hii. Uko na K ya kopa na J ya uru. Mwanzoni uliongeza hadi 100, msee mmoja akalipa, mwingine akatupa na kuacha 25 yake. Zikafunguka K na 9 za jembe, na 4 ya uru. Ukaweka 50, akalipa. Ikaja 7 ya maua, ukaweka 100, akalipa. River ni 2 ya kopa, na huyo msee aliyekuwa amenyamaza anaweka soo. Mezani sasa ni 625.

Lipa soo mara saba, upigwe sita: umechoma 600, umeokota 625. Bado uko juu. Kutupa karata iliyokuwa imeshinda ndiyo makosa ya bei ghali hapa.

Sasa hesabu. K zimebaki mbili, moja iko mezani na moja unayo. 9 zimebaki tatu. So K-9 ni njia 6 tu. K-7 pia 6. K-Q ni 8. Jozi za 9, 7 na 4 ni njia 3 kila moja, jumla 9, ingawa wasee wengi wangeongeza nazo mapema. A-K angeongeza tangu mwanzo. Zinazokupiga: 29.

Upande ule mwingine kuna jembe zilizokosa. Q-J, J-10, A-Q, A-5, 10-8 na 8-6, zote za jembe, ni 6. Dhidi ya 29, ungehitaji 5 tu. Na hapo hujagusa K-10, njia 8, za msee anayedhani amekuweza.

Lakini buda, jua mtu wako. Kama ni wale hulipa kila kitu na hawawekangi bila karata moto, futa hizo jembe na K-10 pia. Hapo tupa bila presha.

Mwaka wa 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kuwa programu yao Cepheus imekaribia kabisa kumaliza limit ya watu wawili. Haiangalii uso wa mtu, kazi yake ni hesabu kama hizi tu.

Na kama msee amepita kwa river na zamu imebaki yako, geuza hesabu. Jembe zilizokosa atazitupa, so hazikusaidii. Hesabu zile atalipa nazo peke yake, na uweke soo kama unapiga zaidi ya nusu.