Picha za wakazi zafichua msimu wa mijusi kupandana

WAKAZI wa jiji la Los Angeles, Marekani, wamewasaidia wanasayansi kubaini jambo ambalo vitabu vilikuwa vimeligusia kwa uchache mno: ni lini hasa mijusi wa bustani zao hupandana.

Mjusi huyo, Elgaria multicarinata, hupewa jina la mamba kwa Kiingereza kutokana na magamba yake magumu. Miguu yake ni mifupi na mkia wake mrefu, hata wengi humdhania kuwa nyoka.

Tatizo halikuwa uhaba wa mijusi. Sehemu kubwa ya jiji ni mali ya watu binafsi, na mtafiti hawezi kuruka ua wa mtu akidai anatafuta mjusi. Ndiposa mnamo 2013, Makavazi ya Historia Asilia ya Kaunti ya Los Angeles yakaanzisha mradi wa RASCals. Mradi huo, unaohusishwa na mtaalamu wa wanyama watambaao Greg Pauly, huwaomba wananchi kupiga picha za mijusi, nyoka na vyura na kuziweka kwenye mtandao wa iNaturalist.

Wakati wa kupandana, hasa kuanzia Machi hadi Mei, dume humwuma jike kichwani na kumshikilia kwa saa nyingi, pengine zaidi ya siku nzima. Wataalamu hukisia kwamba humzuia asipandwe na dume mwingine. Asiyejua hudhani wanapigana, akakimbilia kuwaamua. Heri awaache.

Picha moja yenye tarehe na mahali ni ushahidi kamili. Picha nyingi za miaka mbalimbali huwezesha msimu kulinganishwa na joto na mvua. Hilo si jambo dogo, kwa kuwa mwili wa mjusi hutegemea joto la mazingira. Majira ya baridi yakipungua makali, huenda mijusi wakapandana mapema, nao watoto wakaanguliwa wakati wadudu wa kuliwa ni haba.

Hata hivyo, picha hufuata watu walipo. Mtaa wenye wapiga picha wengi huonekana kuwa na mijusi wengi, na majirani wawili wanaweza kuripoti jozi ile ile. Isitoshe, tarehe inayohitajika ni ya siku picha ilipopigwa, wala si siku ilipotumwa.