Kinini na Macho ya Mtoto

Huku kwetu Fizi na Baraka watu wengi huita kidonge chochote "kinini", hata kile cha minyoo. Kumbe jina hilo ni la dawa moja tu, dawa ya zamani ya malaria. Imeponya watu wengi mno. Lakini wako watoto iliowanyima nuru ya macho.

Asili yake ni ganda la mti wa milima ya Peru. Katika karne ya 17 Mapadre Wayezuiti walilipeleka Roma, naye Kardinali Juan de Lugo akawagawia maskini wenye homa. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitoa katika ganda hilo kinini yenyewe. Baadaye, wakati wa Wabelgiji, mti huo ulipandwa katika milima yetu ya Kivu.

Tangu zamani madaktari waliona kwamba mtu akimeza kinini kupita kiasi, masikio yake huvuma, na pengine macho huingia giza. Na mtoto aliye tumboni je? Mwaka 1966 daktari A. J. McKinna wa Kanada aliandika juu ya watoto waliozaliwa na mshipa wa jicho uliodumaa, yaani ule unaopeleka habari za kuona kwenye ubongo. Kwa nje jicho laonekana zima, bali mtoto haoni, au huona kidogo tu. Mama zao walikuwa wamemeza kinini nyingi wakiwa waja wazito. Katika habari za namna hiyo, mara nyingi mama alitaka kuitoa mimba. Mimba haikutoka, mtoto akazaliwa na kilema kisicho na dawa.

Basi, mama mwenye malaria aikatae kinini ya daktari? Hasha! Malaria yenyewe huua mama na mtoto. Kwa miaka mingi kinini ilipewa wenye mimba changa, na uchunguzi haukuonyesha kwamba kipimo cha kuponya huleta vilema. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kwa malaria isiyo kali watumie artemeta pamoja na lumefantrini, hata katika miezi mitatu ya kwanza.

Hatari imo katika kumeza nyingi kwa siri. Mama mwenye homa aende kituo cha afya, apimwe damu, aseme wazi kwamba ana mimba, ameze alichoandikiwa tu. Na msichana anayeiogopa mimba yake, tusimtukane wala kumfukuza. Tumkaribishe, tumsikilize, tumsindikize kwa mkunga, asije akabaki peke yake na vidonge mkononi.